Bundi wa Ngezi

Juzi mwanangu karudi skuli na suali: "Mama, kweli bundi akilia juu ya bati mtu hufa?" Mwalimu kawaambia si kweli, wenzake wamemwambia kweli. Nikamwambia amuamini mwalimu, kisha nikaingia jikoni upesi.

Mie nishawahi kutazamana naye. Mwaka ule nasubiri matokeo ya kidato cha nne, mjomba akiwatembeza wageni msitu wa Ngezi, nami humfuata kubeba maji. Siku hiyo kaja mama mmoja wa Kiholanzi, mtu mzima, darubini kifuani, kafuata ndege wanne tu, wale wasiopatikana popote duniani ila Pemba. Hadi alasiri keshawaona watatu: ninga, chozi, na yule mdogo wa manjano mwenye pete nyeupe machoni. Wa nne anataka giza.

Tukangoja njiani, mbu wanatula. Mara: "Hu." Kimya. Ukidhani kanyamaza, tena: "Hu." Upande wa pili mwenzake akamjibu, sauti nzito kidogo. Mjomba akawasha tochi.

Kumbe mdogo! Angeenea ndani ya kifuu. Rangi ya karafuu iliyoanikwa siku moja, haijakauka sawasawa. Macho ya manjano, na kayatoa kwangu. Si kwa mjomba, si kwa mgeni. Nikaanza Ayatul Kursiy kimoyomoyo, nikapotea katikati, nikaanza upya. Pembeni yule mama analia kwa furaha, kanishika mkono, na mkono wake unatetemeka kuliko wangu. Bundi akageuza shingo taratibu, akaruka. Sikusikia hata bawa.

Nyumbani Konde nikamwambia bibi tulikwenda kuangalia popo. Asubuhi kuku wake mtagaji kakutwa kafa.

"Kideri hicho," mjomba akasema.

Bibi akampindua kuku kwa kijiti. "Kideri gani cha kuku mmoja? Kuna mtu kaja na mkosi humu."

Mjomba akanitazama. Nikanywa uji wangu. Bibi kenda zake kwa Mola hajui, na mie mpaka leo sijaamua kama kulikuwa na cha kumwambia.

Jana usiku umeme umekatika. Mwanangu kasikia kitu mkarafuuni.

"Mama, ndiye?"

"Ndiye."

"Sasa mbona unanong'ona?"