Daftari la Mzee wa Mwembe Tayari na Ahadi ya Windows

Mwezi uliopita niliitwa kwenye duka moja la vipuri vya magari pale Mwembe Tayari, Mombasa, ambako mwenye duka, mzee ninayemhudumia tangu nilipoanza kazi hii ya kutengeneza kompyuta, alikuwa amenunuliwa na wanawe kompyuta mpya yenye Windows 11. Programu yake ya mauzo ilikataa kufunguka. Ni programu ya DOS, yaani mfumo wa kuendesha kompyuta uliotumika kabla ya Windows; ni ya kiwambo cheusi na herufi nyeupe, iliyoandikwa kwa lugha ya Clipper mwanzoni mwa miaka ya tisini. F2 hutoa risiti, F5 huonyesha madeni, na wateja wake wote, kutoka Likoni hadi Mariakani, wamo humo. "Mwanangu," aliniambia, "haja yangu si kompyuta nzuri. Haja yangu ni daftari langu."

Programu hiyo imevuka DOS yenyewe, Windows 95, Windows XP na Windows 10 bila kubadilishwa hata herufi moja. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika historia ya Windows, kubwa kuliko rangi, aikoni na sauti zake, na ningependa kueleza limewezekanaje na kwa nini safari hii limefika mwisho.

Wazo la kuitawala kompyuta kwa madirisha na kipanya halikuzaliwa Microsoft. Douglas Engelbart alionyesha kipanya hadharani mwaka 1968; maabara ya Xerox huko Palo Alto, California, ikaunda kompyuta ya Alto mwaka 1973; nayo Apple ikaliingiza wazo hilo sokoni kwa Lisa mwaka 1983 na Macintosh mwaka 1984. Microsoft ilikuja nyuma yao, lakini ilikuwa na kitu ambacho wenzake hawakuwa nacho, yaani mamilioni ya watu waliokuwa tayari wanatumia DOS, mfumo uliotoka pamoja na kompyuta ya IBM mwaka 1981. Watu hao walikuwa na programu zao na mafaili yao, na hawakuwa tayari kuvitupa kwa ajili ya picha za kupendeza.

Ndiyo maana Windows ya kwanza, iliyotoka Novemba 1985, haikuwa mfumo endeshi kamili bali programu iliyoketi juu ya DOS. Madirisha yake hayakuweza kupandana. Yalipangwa ubavu kwa ubavu kama vigae vya sakafu. Toleo la pili, la mwaka 1987, liliyaruhusu kupandana, na mwaka uliofuata Apple ikaishtaki Microsoft mahakamani kwa madai ya kuigwa, kesi ambayo Apple ilishindwa baada ya miaka kadhaa. Watu wengi huisimulia kesi hiyo kana kwamba ndiyo kiini cha hadithi. Mimi naona kiini kiko kwenye prosesa, ile chipu inayofanya kazi zote za hesabu ndani ya kompyuta.

Prosesa ya 8086 ya Intel, ambayo DOS iliandikiwa, iliweza kufikia kumbukumbu ya megabaiti 1 tu, na programu zilibakiwa na kilobaiti 640 kati ya hizo. Iliyofuata, 80286, ilikuwa na hali mpya ya kazi iliyofungua kumbukumbu zaidi na kuzikinga programu zisivamiane, lakini programu za DOS hazikuweza kuendeshwa ndani ya hali hiyo. Kisha mwaka 1985 Intel ikatoa 80386, nayo ilikuwa na uwezo wa ajabu: iliweza kujifanya kuwa 8086 kadhaa kwa wakati mmoja, kila moja ikiamini kwamba iko peke yake kwenye kompyuta nzima. Windows/386 ya mwaka 1987 na Windows 3.0 ya Mei 1990 ziliutumia uwezo huo kuziweka programu kadhaa za DOS kwenye madirisha tofauti, zikifanya kazi pamoja, pasipo programu hizo kujua kwamba zimehamishwa nyumba.

Wakati huohuo, Microsoft na IBM walikuwa wakijenga pamoja mfumo mwingine, OS/2, uliokusudiwa kuirithi DOS. Kwa ubora wa ujenzi OS/2 ilikuwa mbele. Hata hivyo, IBM ilikuwa imewauzia wateja wake kompyuta nyingi za 80286 na ilishikilia kwamba mfumo mpya uzihudumie hizo, kwa hiyo matoleo ya mwanzo ya OS/2 yaliweza kuendesha programu moja tu ya DOS kwa wakati. Windows 3.0 ikauzwa kwa mamilioni, na ushirika wa kampuni hizo mbili ukavunjika. Sidhani kwamba Windows ilishinda kwa uzuri wake. Ilishinda kwa sababu mwenye duka aliyekuwa na daftari lake kwenye DOS hakuhitaji kuanza upya.

Windows 95 niliiona mara ya kwanza katika chuo kidogo cha kompyuta kando ya Digo Road, ambako mwalimu wetu aliisakinisha kwa disketi 13, akizitia moja baada ya nyingine huku sisi tukisimama nyuma yake bila kusema neno. Ilikuwa imetoka Marekani tarehe 24 Agosti 1995, na ndiyo iliyoleta kitufe cha Start na upau wa kazi chini ya kiwambo. Kilichonishangaza zaidi, lakini, ni majina ya mafaili. DOS ilikubali herufi nane tu na nyingine tatu baada ya nukta, ilhali Windows 95 iliruhusu hadi 255. Uliandika "Taarifa ya mauzo ya Machi", nayo ikahifadhi jina lako lote, lakini kando yake ikaweka kwa siri jina la pili, TAARIF~1.DOC, ili programu ya zamani ikija kuangalia ione jina inaloweza kulisoma. Nilipoelewa hilo nilihisi heshima kubwa kwa waliolitengeneza, kwa maana walimfikiria hata yule ambaye hatanunua programu mpya kamwe.

Uangalifu huo ulifika mbali sana. Mchezo wa SimCity ulikuwa na kosa: uliendelea kusoma sehemu ya kumbukumbu uliyokwisha kuiachia, jambo ambalo mifumo ya zamani haikulijali lakini Windows 95 ingeuangusha mchezo kwa ajili yake. Badala ya kuwaambia wateja kwamba mchezo wao ni mbovu, wahandisi wa Windows waliongeza msimbo wa kuutambua mchezo huo na kuuachia kumbukumbu yake kwa muda zaidi.

Ahadi ya namna hiyo ina gharama, na gharama yenyewe inaonekana hadi leo. Ukiwa na Windows 10, jaribu kutengeneza folda na kuiita CON, itakataa. DOS ya mwaka 1981 haikuwa na folda, kwa hiyo majina kama CON kwa kibodi na kiwambo, na PRN kwa printa, yalimaanisha kifaa popote yalipoandikwa. Folda zilipoletwa na DOS 2.0 mwaka 1983, programu zilizokwisha kuandikwa ziliyahitaji majina hayo yaendelee kufanya kazi ndani ya kila folda, na hakuna aliyethubutu kuyaondoa. Gharama nzito zaidi ilikuwa ukosefu wa uthabiti, kwa sababu Windows 95 na 98 zilibeba msimbo mwingi wa zamani, na programu moja mbovu iliweza kuigandisha kompyuta nzima na kazi ya asubuhi yote ikapotea.

Dawa ilikuwa imeanza kuchemshwa zamani. Mwaka 1988 Microsoft ilimwajiri mhandisi Dave Cutler kutoka kampuni ya kompyuta ya Digital, naye akaongoza ujenzi wa mfumo mpya kutoka kwenye msingi, Windows NT, uliotoka mwaka 1993. Windows XP ya Oktoba 2001 ndiyo iliyowaletea watu wa nyumbani na wenye maduka msingi huo imara, na DOS ikabaki kuigizwa ndani ya chumba chake maalumu. Vista na Windows 7 nazipita. Windows 8 ya mwaka 2012 iliondoa kitufe cha Start, watumiaji wakalalamika, na mwaka uliofuata kitufe kikarudi.

Kilichoifikisha mwisho safari ya mzee ni prosesa tena. Inapofanya kazi kwa biti 64 (biti ni kipimo cha upana wa data inayoshughulikiwa kwa mara moja), prosesa haina tena ule uwezo wa 80386 wa kujifanya 8086, na Windows za biti 64 hazikubali programu za biti 16, kama hiyo ya mzee. Windows 10 ilikuwa na toleo la biti 32, ambalo ndilo nililomwekea mzee miaka iliyopita. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, haina toleo hilo.

Nilimsakinishia DOSBox-X, programu inayoiga kompyuta nzima ya DOS, na nikalihamisha daftari lake humo. Kufungua kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kwenye printa yake, ile ya sindano zinazogonga utepe wa wino, kwa kuwa kompyuta mpya haina tundu la waya wake mpana, na ilinibidi nitafute waya wa kuiunganisha kwa USB, kisha niielekeze programu pale ilipozoea kutuma risiti, yaani LPT1, jina la DOS la tundu la printa. Siku ya pili, saa kumi alasiri, mzee alibonyeza F2 na sindano zikaanza kulia. Aliikata risiti, akaisoma jumla kwa sauti, akatupa macho kwenye safu ya madeni, kisha akaichomeka kwenye msumari wa ukutani pamoja na zile za juma lililopita.