Kilima cha Isamilo Ndicho Kilichonichagulia Gari

Kabla sijanunua gari nilipewa ushauri ule ule na kila mtu, utadhani walikaa kikao: "Chukua lenye cc ndogo (yaani injini ndogo), mafuta hayatakusumbua." Madalali, majirani, hata wenzangu sokoni, wote cc, cc. Hakuna hata mmoja aliyeuliza naishi wapi. Naishi kilima cha Isamilo hapa Mwanza, juu kabisa, kipande cha mwisho ni mawe matupu. Kila alfajiri nawashusha wanangu watatu shuleni, halafu naenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba kuchukua dagaa.

Shemeji yangu yeye aling'ang'ania dizeli. Kwake ni sawa, kila wiki ana safari ndefu ya Geita. Mazda CX-3 ilipotoka Japani mwaka 2015 iliuzwa huko na dizeli ya 1.5 peke yake, na inavuta kwelikweli. Lakini dizeli hizi mpya zina chujio la masizi kwenye ekzosi, na chujio hilo hujisafisha injini ikishika moto kwa safari ndefu. Safari zangu ni za robo saa. Nikamwambia, "Shem, mimi nitaliziba tu." Alininunia wiki nzima.

Kilichoniudhi zaidi ni kuambiwa "hizi jeep ndogo zote ni moja." Si moja! Honda Vezel imejengwa juu ya gari dogo la Fit, na CX-3 juu ya Demio. Ni magari ya mjini yaliyoinuliwa, kwa mtu anayetaka kukaa juu kidogo na kupendeza, na yale ya kawaida huvuta kwa matairi ya mbele. Toyota Rush ni ukoo mwingine: injini imekaa kwa urefu wa gari na inasukuma matairi ya nyuma, au yote manne. Ukipanda na mzigo, uzito unarudi nyuma, palepale penye nguvu. Vezel ya petroli ina cc 1,496, Rush 1,495. Sasa niambie hizo cc zinakusaidia nini kuchagua.

Nikatunga mtihani wangu. Kila muuzaji alitaka nijaribu gari barabara ya uwanja wa ndege, lami tambarare kama meza. Nikakataa. Nafika saa kumi na mbili asubuhi bila taarifa, naweka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, mtu kaliamsha mapema kuficha kitu, naondoka. Ikiwa ya baridi, napakia watu wazima wanne na magunia mawili ya mchele (niliyaazima dukani kwa jirani), nawasha AC, tunaelekea Isamilo. Katikati ya mwinuko nasimama kabisa, navuta hendibreki, nahesabu hadi kumi, kisha naondoka taratibu.

Gari la kwanza, zuri, jekundu, rangi ya kung'aa, lilishindwa mara ya tatu. Injini ilipandisha mlio mpaka juu lakini gari halisogei, likaanza kushtuka, harufu ya kitu kinachoungua ikaingia ndani, taa ikawaka kwenye dashibodi. Muuzaji akasema, "Mama, mzigo umezidi." Watu wanne na mchele! Nikamwambia huo ndio mzigo wangu wa kila Jumamosi. Tulilirudisha chini kinyumenyume, jirani yangu akitembea nyuma na jiwe mkononi, tayari kuweka kigingi. Mpaka leo namshukuru jirani huyo.

Rush niliyochukua ni namba D (herufi za usajili wake zinaanza na D), imetumika hapahapa Mwanza, kwa hiyo ushuru wa uchakavu wa kuagiza haukunihusu. Bei haikufika milioni ishirini. Pale katikati ya mwinuko niliweka gia kwenye L, ile ya chini kabisa, likaondoka bila kurudi nyuma hata shubiri moja. Nilirudia mara tano, fundi wangu pembeni amenyamaza anasikiliza. Mwishoni akachomoa stiki ya oili ya gia, akaipaka kwenye kitambaa cheupe: nyekundu, safi, haina harufu. "Mama, lipia."

Mafuta linakunywa kuliko Vezel ya jirani, sifichi, na gia zake ni nne tu, ukienda Usagara kwa kasi injini inalalamika. Nimekubali. Jumamosi iliyopita mvua ilinyesha usiku kucha, nikapanda na magunia yangu ya dagaa na watoto wote watatu, nikaegesha mlangoni kwangu kabla ya saa mbili.