Nilivyozihamisha faili za ~ badala ya kuzizima

Anayekwambia uzime nakala za akiba za kihariri chako hajawahi kupotelewa na stima Kisauni saa mbili za usiku. Mimi nimepotelewa.

Nilikuwa naunda mfumo wa bei wa duka moja la leso, Barabara ya Biashara. Natumia Vim, kihariri cha maandishi, na folda ya kazi ilikuwa imejaa bei.php~ na config.php~, nakala za akiba za toleo la kabla ya kuhifadhi, na .bei.php.swp, faili inayoshika kazi ambayo bado hujaihifadhi. Fundi mwenzangu akachungulia: "Ndugu yangu, zima takataka hizo." Nikaweka set nobackup na set noswapfile, zikazimika aina zote mbili. Wiki haikwisha, stima ikapotea, na kompyuta yangu ni ya mezani, haina betri. Kazi ya tangu magharibi ikaenda yote. Vim huandika kwenye .swp kila baada ya herufi 200, au ukitulia sekunde 4. Nisingeizima, kwa vim -r, amri ya kuokoa kilichomo kwenye .swp, ningeipata karibu yote.

Nikaziwasha tena, nikawa nazisafisha nakala kwa mkono: rm *~, yaani futa kila faili ambayo jina lake linaishia ~. Usiku mmoja, macho mazito, kidole kikagusa nafasi katikati. rm * ~. Nyota ikisimama peke yake maana yake ni kila faili isiyofichwa, na ~ peke yake ni folda yako ya nyumbani. Amri ikanilalamikia tu kwamba ile ya nyumbani na nyingine mbili ndogo ni folda, hazifutiki, nami nikadhani ndiyo salama. Nikapiga ls, kuona kilichomo. Hakuna kitu isipokuwa folda ndogo mbili. Na nakala zenyewe zilikwenda pamoja na asili, maana zililala kitanda kimoja.

Sikugusa kitu kwa dakika nzima. Kisha nikakumbuka bei.php bado iko wazi kwenye dirisha la pili. Vim ilikuwa nayo kwenye kumbukumbu, nikapiga :w, ikarudi mzima. Zilizobaki nikazirudisha moja moja kwa git checkout, maana git hutunza matoleo ya kazi, ila risiti.php, ambayo sikuwa nimeiingiza kwenye git kwa siku mbili. Hiyo niliiandika upya.

Ndipo nikazihamisha. Nikaunda ~/.vim/akiba na ~/.vim/swp, chmod 700 zote mbili ili nizifungue mimi tu, kisha kwenye vimrc, faili ya mipangilio ya Vim:

set backup
set backupdir=~/.vim/akiba//
set directory=~/.vim/swp//

Unda folda kwanza! Vim haikuundii, mimi nilipigiwa kelele ya E303, kwamba faili ya .swp haifunguki. Na usiache mikwaju miwili ya mwisho, hiyo //. Ndiyo inayotia njia nzima ndani ya jina la faili, kila mkwaju ukigeuzwa %, ili index.php ya mteja mmoja isigongane na ya mwingine. Wa Emacs, kihariri kingine, watumie backup-directory-alist, lakini zile #faili# zinazojihifadhi zenyewe zina mpangilio wake mbali, auto-save-file-name-transforms.

Zilizotapakaa nilizitafuta kwa find . -name '*~', nikasoma orodha jina kwa jina, ndipo nikaongeza -delete. Zilizokwisha kuingia git hazitoki kwa .gitignore, orodha ya faili za kupuuzwa, ni git rm --cached.

Orodha hiyo ndiyo iliyonishtua. config.php~ ilikuwa imepanda hadi kwenye seva. Jina haliishii .php, kwa hivyo seva haikuiendesha, iliitoa kama maandishi matupu. Niliifungua kwenye simu, nikasoma nenosiri la hifadhidata herufi kwa herufi. Nikalibadilisha kabla ya kufuta chochote, kisha nikapekua kumbukumbu za seva mpaka alfajiri. Aliyekuwa ameifungua ni mimi peke yangu. Asubuhi nikaenda dukani kumweleza mzee mwenyewe, uso kwa uso.