Nimeifuata kahawa ya ngawa mpaka Pemba

Mambo yalianza barazani Jaws Corner, pale Mji Mkongwe, Unguja, jioni, kila mtu na kikombe chake cha kahawa chungu. Jamaa mmoja anaefanya kazi za meli alirudi kutoka Indonesia na kipakiti kidogo cha kopi luwak, ile kahawa inayotokana na buni zilizoliwa na luwak, mnyama wa jamii ya ngawa, akazinya nzima msituni watu wakaziokota. Bei alivyoitaja baraza nzima ikapiga kelele, halafu likaja suala lenyewe, mavi hayo, najisi, tunakunywaje?

Mzee mmoja akatutuliza. Akasema kule wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii kama sisi na maulamaa wao walishalitolea fatwa mwaka 2010, buni ikitoka nzima haiwi najisi yenyewe, imenajisika tu kwa juu, ikioshwa vizuri ni halali. Kipimo ni kuwa ukiichukua ukaipanda, itaota? Ikiota basi bado ni mbegu.

Kipimo hicho hakikunitoka kichwani. Usiku nikampigia ami yangu Pemba kumhadithia, akaniambia mbona huku kwetu ngawa wanafanya hivyo hivyo kwenye mibuni ya babu yako, njoo uone.

Basi nikakata tiketi ya boti ya asubuhi. Kutoka Malindi mpaka usawa wa Nungwi bahari shwari, tulipoingia mkondo ndo mawimbi yakaanza, mama mmoja pembeni yangu kajifunika mtandio anasoma dua mpaka tunafunga gati Mkoani. Daladala mpaka Chake Chake, nikanunua haluwa maana huendi kwa ami mikono mitupu, daladala nyengine mpaka Konde, na njia nzima ni harufu ya karafuu, watu wamezianika kwenye majamvi mpaka kando ya lami.

"Shkamoo ami."

"Marahaba mwanangu, wa Unguja hawajambo?"

"Hawajambo, wanakusalimu."

Ngawa nnaemsema ni yule mnyama wa usiku mwenye madoa, ndo wa zabadi ile iliyokuwa ikitiwa kwenye manukato zamani. Huku wengi hawampendi kwa sababu ya kuku, na ami mwenyewe zamani akiwatega. Lakini ngawa anapenda matunda pia, na buni ikishaiva nyekundu inakuwa na utamu kwenye nyama yake ya juu, huo utamu ndo anaoufuata.

Asubuhi baada ya sala ya alfajiri tukatoka na tochi. Mibuni ya babu ipo nyuma ya nyumba chini ya mfenesi, michache tu. Ami hakusimama hapo, akanipeleka mpaka kwenye shina la mwembe mkongwe, kwa sababu ngawa ana tabia ya kurudi kunya pahala pamoja. Na kweli kinyesi chake kilikuwepo, chengine kipya chengine cha zamani. Nikachutama. Kipande kirefu kama kidole, juu kimekauka, na ndani buni zimebanana kama punje za hindi kwenye gunzi, kila moja na ganda lake jembamba rangi ya nyasi kavu, hakuna hata moja iliyovunjika.

Halafu ami akasogeza tochi pembeni kidogo. Palikuwa na miche mitatu imesimama, vijiti vyembamba urefu wa kidole, na kila kijiti kimebeba buni yake kichwani kama kichwa cha kibiriti, maana mbuni ukiota unainyanyua mbegu kutoka ardhini. Nilinyamaza wallahi. Kipimo cha yule mzee wa barazani kilikuwa kimeshaota chenyewe, hakuna mtu aliyepanda.

Tuliokota kiasi cha viganja viwili. Ami akaziosha kwa maji ya kumimina, tena na tena mpaka maji yakatoka meupe hayana harufu, tukazianika kwenye ungo siku nne huku tunawafukuza kuku, zikatwangwa kutoa lile ganda, zikapepetwa, zikakaangwa kwenye chungu na kutwangwa tena. Zikatosha dele moja dogo la kahawa. Ami akasema bismillahi akanywa wa mwanzo.

Ilikuwa laini. Ule ukakasi unaobaki nyuma ya ulimi sikuupata. Nilishasoma kuwa tumboni mwa mnyama zile protini zinavunjwa vunjwa na ndo uchungu unapungua, sawa, lakini mie naamini kubwa ni uchaguzi. Sisi tukivuna tunaparura tawi zima, mbichi na mbivu pamoja, ngawa hali mbichi, anachagua moja moja usiku kucha.

Ndo maana roho iliniuma kukumbuka habari ya mwaka 2013, waandishi wa BBC waliingia kwa siri Sumatra wakakuta wanyama wamefungwa kwenye vizimba wanalishwa buni, na kahawa yake inauzwa kama ya msituni. Mnyama aliyefungwa hachagui, anakula alichotupiwa. Na inasimuliwa kahawa hii ilianza kwa wakulima wa Java na Sumatra waliokatazwa na Waholanzi kujichumia buni walizozilima wenyewe, wakaokota zilizoachwa na luwak msituni. Kitu kilichotoka kwa watu walionyimwa haki kimegeuka kumnyima mnyama haki yake, mie siwezi kuinywa hiyo hata nikipewa bure.

Nilimuomba ami asitege tena karibu na ule mwembe, akasema hatotega, kuku atawajengea banda zuri. Mche mmoja akaung'oa na udongo wake akanitilia kwenye kopo la maziwa. Nikaupakata njia nzima, Konde, Chake, Mkoani, na kwenye boti mkondoni nikawa nimeukinga kwa mkono upepo usiuvunje. Kufika Malindi ile buni ya kichwani ilikuwa imeanza kupasuka, na ndani majani mawili ya kijani yamekunjana.