Msumari uliokataa shaba

Simu ya mzee mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia madini, iliingia jioni, sauti ikiwa chini kama ya mtu anayekwepa masikio ya watu. "Injinia, njoo kesho asubuhi. Usimwambie mtu." Injinia mwenyewe nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha madini Dodoma, niko Mpanda kwa mafunzo ya vitendo, lakini machimboni ukionekana na lenzi shingoni cheo unapewa bila kuomba.

Kutoka mjini hadi kwake ni pikipiki na mbung'o, njia ya miombo upande wa Ziwa Tanganyika. Watu wengi wanajua Mpanda kwa mahindi na mpunga, na husahau kwamba reli ya kutoka Kaliua ilifika pale mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi wa Uruwira. Mgodi ule ulikuwa mkubwa. Kilichobaki porini ni vipande: mshipa wa kwatzi, lile jiwe gumu jeupe, hapa, mwingine kule, kila mmoja na shaba yake kidogo. Mshipa wa mzee ulikuwa mwembamba, sehemu nyingine unaweza kuuziba kwa mikono miwili, umepenya kwenye miamba ya ukanda wa Ubendi yenye umri wa karibu miaka bilioni mbili. Ulielekea kaskazini-magharibi, kama yalivyo mapasuko mengi ya nchi ile.

Nilipofika nilimkuta amekaa juu ya kiroba. Nikamwamkia, akaitikia haraka, akafungua kitambaa. Ndani kulikuwa na jiwe la njano linalong'aa, na kwenye kona moja lilikuwa na rangi za zambarau na bluu kama mafuta ya gari juu ya maji.

"Hii siyo shaba," alisema. "Nimeipima mwenyewe."

Kipimo chake nilikifahamu, na mpaka leo nakiheshimu. Jiwe la kijani analiponda, unga anauweka kwenye kikombe cha plastiki, anamwagia tindikali ya betri iliyozimuliwa. Unatoa povu, maji yanageuka bluu. Kisha anatumbukiza msumari uliosuguliwa kwa msasa. Ukitoka umevaa ngozi nyekundu, ni shaba. Hakuna kasoro hapo: lile jiwe la kijani ni malakaiti, zaidi ya nusu ya uzito wake ni shaba, na tindikali huiyeyusha kirahisi. Sasa unga wa jiwe la njano ulikuwa umekaa kwenye tindikali usiku kucha, maji meupe vilevile, na msumari haukubadilika rangi. Kama si shaba na linang'aa njano, vijana walishamaliza hesabu. Mmoja alikuwa anaulizia bei ya pikipiki mpya.

Nililikwaruza kwa kisu, likakubali kukwaruzika na kumwaga unga. Dhahabu ingebonyea tu. Nikalisugua mgongoni mwa kigae kilichovunjika, upande usio na rangi: likaacha mstari mweusi wenye ukijani kwa mbali. Nikasema ni kalkopairaiti, yaani shaba, chuma na salfa vilivyoshikana. Kimya. Yule wa pikipiki akaniuliza kama nimetumwa na wanunuzi.

Basi nikaomba jiko la mkaa na kipande cha bati. Tuliusambaza unga juu ya bati, tukaukoroga kwa mwiko wa ugali huku moto ukipulizwa. Haukupita muda ile harufu ya kiberiti ikatukaba, watu wakaanza kukohoa na kusogea upande wa upepo. Ile ni salfa inayoondoka. Unga ulipogeuka kahawia iliyoiva nikauacha upoe, nikautia kwenye tindikali. Maji yakaanza kuchukua bluu taratibu. Mzee mwenyewe ndiye aliyesugua msumari na kuutumbukiza. Ulipotoka mwekundu aliugeuzageuza, akampa yule kijana aushike. Hakuna aliyeshangilia.

Nikawaeleza kwamba kazi tuliyoifanya kwa mkaa, mvua na hewa zimeifanya kule juu kwa miaka mingi sana: salfa imeondoka, chuma kimebaki kutu, ndiyo ile miamba myekundu inayobomoka mlimani, na shaba imeshuka kidogo ikaganda kijani. Hewa isikofika, jiwe limebaki lilivyozaliwa. Mzee akakatiza. "Ndiyo maana maji yameanza." Kweli, duara lilikuwa limeanza kuchuruzika maji wiki ileile. Hilo sikuwa nimelisema bado: maji ya ardhini ndiyo yanayoizuia hewa isifike chini.

Suala la dhahabu sikulifunga. Mishipa ya Mpanda ina historia ya dhahabu na fedha pamoja na shaba na risasi, na ikiwemo ndani ya mawe haya huwezi kuiona kwa macho. Tukapeleka sampuli maabara. Majibu yalirudi: shaba ya kutosha, dhahabu ya kupigia stori tu. Mnunuzi naye aliyakataa mawe ya njano palepale kwenye mzani, maana kiwanda alichokuwa anapeleka mzigo kilitumia tindikali, kama kikombe cha mzee. Jiwe la aina ile linataka kusagwa na kuelea kwenye mapovu, mtambo ambao mwenye leseni ndogo hawezi hata kuuota. Niliona ni uonevu, mtu kufika kwenye shaba yenyewe na kuambiwa hapo ndipo biashara yake inapoishia.

Mzee hakulalamika sana. Alilifuata jicho la mshipa kaskazini-magharibi hadi juu ya kilima, ambako maji yako mbali, akafungua duara jingine. Msimamizi akapewa tindikali, kikombe na kopo la misumari, na agizo moja: "Msumari ukikataa, simamisha watu. Sitanunua mafuta ya pampu kwa ajili ya jiwe lisilouzika."