Siku yangu moja ya usaili, kutoka Kimara mpaka Posta

Saa 10:30 alfajiri alamu ikalia ila mi nilishaamka kitambo. Leo ni raundi ya tatu na kampuni ileile, kwanza walinihoji kwa simu, wiki iliyofuata mtihani wa kuandika, leo ndo ana kwa ana. Nafasi ni ya mhasibu msaidizi. Nikapiga pasi blauzi, nikahakiki bahasha ya kaki: cheti cha form four, form six, cha chuo, cha kuzaliwa, kopi mbilimbili, kitambulisho cha NIDA. Mwanangu ana miaka miwili, nikamwacha amelala kwa bibi yake.

Saa 11:30 niko Kimara kwenye foleni ya mwendokasi. Nimesimama njia nzima bahasha nimeibana kifuani isikunjike, nikashuka Posta.

Saa 1:40 nimefika. Meseji ilisema saa 2 kamili, kumbe tuko kumi na moja na wote tumeambiwa saa 2! Jopo ni moja, sasa kwa nini kila mtu asipewe muda wake? Kuna dada ametoka Morogoro, amelala kwa ndugu yake jana ili awahi.

Saa 4 wakatupa zoezi, na hapa nawasifu kwa dhati maana ilikuwa kazi yenyewe. Risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, ya 1,180,000, VAT (kodi ya ongezeko la thamani, 18%) imo humohumo, tafuta hiyo kodi ni shilingi ngapi. Wengi wanakimbilia kupiga 18% ya hela yote wanapata 212,400, wakati hela yote ni bei 100 pamoja na kodi 18, kwa hiyo unatakiwa ugawe kwa 118 ndo uzidishe kwa 18, inakuja 180,000. Nikaangalia mara mbili nikakabidhi nina amani.

Halafu kukaa. Saa 5, 6, 7. Kwenda kula unaogopa utaitwa haupo, nimeshindia maji.

Saa 8:20 mchana ndo jina langu. Watu wanne mezani. Maswali ya hesabu nimejibu vizuri tu, nimeeleza jinsi nilivyokuwa nasuluhisha hesabu za benki na daftari la fedha kila mwisho wa mwezi kazini kwangu kwa zamani, wakawa wanaandika. Kisha mmoja akafunga faili langu akauliza, "Dada, una mtoto? Anaangaliwa na nani ukiwa kazini? Unategemea kuongeza lini?"

Nikamjibu kwa heshima, yuko na bibi yake, hajawahi kunichelewesha kazini. Ila moyo ulienda mbio. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa ujauzito, ndoa au majukumu ya familia, na inasema wazi kwamba hata anayeomba kazi analindwa. Chuo tulisoma hiyo, sikuwaza kama nitaikumbuka nimekaa kwenye kiti kile.

Mshahara nilipouliza nikaambiwa "utajua ukichaguliwa". Raundi tatu jamani.

Saa 9 nikamsubiri nje kaka aliyeingia baada yangu. Ana watoto watatu. Nikamuuliza kama wamemuuliza nani anawaangalia, akanishangaa, hapana, hawajamuuliza chochote kuhusu nyumbani. Akanyamaza kidogo halafu akasema pole sana dada.

Saa 12 jioni nyumbani, mama kaniwekea ugali na dagaa, mtoto kanidandia na blauzi yote imeloa uji. Sikuwa na nguvu za kumtoa.

Saa 3 usiku nikaandika barua pepe. Nikawashukuru kwa nafasi, nikasifia zoezi la VAT, nikaomba wanipe majibu hata kama sijapita. Chini nikaongeza kwamba swali la mtoto niliulizwa mimi na mwenzangu wa kiume hakuulizwa, naomba dada atakayefuata asiulizwe. Nikaifuta ile sehemu ya mwisho, nikairudisha. Kazi naihitaji sana, kodi ya nyumba inaisha mwezi ujao. Nikamwangalia huyu aliyelala pembeni yangu, nikatuma kama ilivyo.