Simulizi ya kiwewe haianzi kikao cha kwanza

Tiba nyingi za kiwewe (jeraha la moyo linaloachwa na tukio la kutisha) kwa watoto huharibiwa na haraka. Mtoto hajamzoea mshauri, tayari anaulizwa: "Haya, niambie ilikuwaje." Ama ananyamaza kabisa, ama anamwaga yote halafu wiki ijayo hataki kuja.

Katika tiba ya utambuzi na tabia inayolenga kiwewe, yaani tiba ya mazungumzo inayoshughulikia mawazo na matendo, iliyoasisiwa na Judith Cohen, Anthony Mannarino na Esther Deblinger kwa watoto wa miaka 3 hadi 18, kwa kawaida vikao huwa 12 hadi 16. Vya mwanzo ni vya kumpa mtoto nyenzo: kuzitaja hisia, kupima hofu kwa alama 0 hadi 10, kupumua kwa tumbo (alale chali, mwanasesere juu ya kitovu, amtazame akipanda na kushuka). Lakini tukio litajwe kwa jina lake tangu siku ya kwanza. Mtu mzima akizungukazunguka na "lile jambo", mtoto anaelewa kwamba halisemeki.

Simulizi yenyewe huandikwa sura kwa sura. Ya kwanza inamhusu mtoto tu: anapenda nini, anaishi na nani. Kisha tukio, na sehemu mbaya kuliko zote inasubiri mpaka zile nyepesi zizoeleke. Andika maneno yake kama alivyoyasema, msomee, pima hofu tena. Acha dakika 10 hadi 15 za kumtuliza kabla hajatoka.

Usimsahihishe anaposimulia. Mawazo potofu yana zamu yake baadaye, na hapa ndipo wengi wetu huteleza. Mtoto akisema, "Ni kosa langu, mimi ndiye niliyefungua mlango," ukimjibu "Si kosa lako" atakubali kwa adabu na kubaki na lawama yake. Muulize: "Ulipofungua, ulijua nini? Nani aliamua kupiga?" Au achore duara, aligawe kulingana na kila mtu alivyohusika. Kipande chake huanza kikubwa. Kadiri maswali yanavyoendelea, anakipunguza mwenyewe.

Mlezi aisikie simulizi kwanza akiwa na mtaalamu, mtoto asiwepo, hata mara mbili tatu. Asipoandaliwa na akavunjika mbele ya mtoto, mtoto ataacha kusimulia ili kumlinda.

Njia si hii moja. Kwa walio chini ya miaka 6, mtoto na mlezi wanaweza kutibiwa pamoja kupitia mchezo. EMDR, tiba ya kumbukumbu chungu kwa mwendo wa macho iliyoanzishwa na mwanasaikolojia Francine Shapiro, humtaka mtoto afuate kidole cha mtaalamu kwa macho huku akilikumbuka tukio; Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2013, pamoja na tiba ya utambuzi na tabia. Mwenye matukio mengi anaweza kutandaza kamba ya maisha yake: jiwe kwa kila baya, ua kwa kila jema, kwa mfuatano wa miaka, kisha mawe yasimuliwe moja moja.

Mtoto akiwa na mawazo ya kujiua, au aliyemdhuru bado yumo nyumbani, simulizi isubiri. Usalama wake hushughulikiwa kwanza.